Jaribio Lililowachekesha Watu wa Ghorofa ya Tatu

Gunvor Thestrup alikuwa na miaka hamsini na saba alipoanza kazi ya ukaguzi na watu wa ghorofa ya tatu, pale Aalborg, Denmark, katika jengo la matofali mekundu ambalo zamani lilikuwa ghala la mbegu. Walikuwa watu kumi na tisa, wakiitana kwa majina ya kwanza kuanzia bosi hadi mfagiaji, na wakiamini kwamba kuitana hivyo kunatosha kuwafanya sawa. Bosi wao, Troels Rahbek, alizunguka ofisini bila viatu, amevaa soksi za rangi rangi, na kila alipotaka kumbebesha mtu mzigo alianza kwa kusema, "Sikiliza, hapa sisi ni familia." Mwenye masikio yake alijua kwamba baada ya neno hilo hakuna jema linalofuata.

Kabla ya hapo Gunvor alikuwa amejaribu simu kwa miaka ishirini na sita, katika kiwanda kilichofungwa siku moja kabla ya Krismasi. Kuzibonyeza, kuziangusha, kuzilowesha, na kuandika zilichofanya. Kukagua kulikuwa ndani ya damu yake. Baba yake alikuwa mkaguzi wa mizani kule Hobro, na alikuwa na tabia moja iliyowakera wauza nyama wote wa mji: alipima mara mbili mwenye duka akimtazama, na mara ya tatu mwenye duka akigeuka kuchukua karatasi. Binti alikuwa hivyo hivyo. Mnene kidogo, mpole, nywele fupi za mvi, chupa ya chai kwenye kikapu cha baiskeli, na jicho ambalo halikuamini kitu kwa kuwa tu kimesemwa kwa sauti kubwa.

Ghorofa ya tatu walitengeneza maktaba ya programu. Si maktaba ya vitabu. Ni fungu la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, uliokwisha kuandikwa, ambao kampuni nyingine huununua na kuupachika ndani ya mitambo yao. Kazi ya maktaba yao ilikuwa kuzalisha funguo za siri. Ufunguo wa namna hiyo ni namba, ndefu kupita kiasi, inayochaguliwa kwa kubahatisha ili asiwepo mtu wa kuikisia. Na mnunuzi wao mkubwa wa mwaka ule alitengeneza pampu za insulini, zile ndogo ambazo mgonjwa wa kisukari huvaa kiunoni na kuziamuru kwa simu. Pampu husikia simu moja tu, ile yenye ufunguo wake. Pampu mbili zikipewa ufunguo mmoja, simu ya jirani inaweza kukumiminia dawa mwilini nawe umekaa unasoma gazeti. Insulini ikizidi, mtu huzimika, na wengine hawazinduki. Hili kila mtu ghorofani alilijua. Troels alipenda kulieleza wageni walipokuja, mkono kifuani, sauti imeshuka, utadhani pampu zote za Denmark anazibeba yeye mgongoni.

Msimbo wa kuzalisha funguo ulikuwa wa Asger Lomholt, bwana wa miaka thelathini na nne, mwenye ndevu zilizopakwa mafuta na maoni juu ya kila kitu. Alikuwa amealikwa mara mbili kuzungumza kwenye mikutano ya watu wa kazi yake, mara moja Ujerumani na mara moja Ureno, na tangu arudi kutoka Ureno kichwa kilimvimba, akawa hajibu swali bila kwanza kutabasamu. Kuukagua msimbo huo aliandika majaribio manne. La kwanza liliuliza kama ufunguo umetoka. La pili, kama urefu wake ni sawa. La tatu, kama kitu kilichofungwa nao kinafunguka nao. La nne, kama umetoka haraka. Kila kukicha yote manne yalipita, taa iliyotundikwa ukutani ikawaka kijani, na saa tano na nusu watu wakaenda kula mkate mweusi na samaki wa siki, roho zao nyeupe.

Gunvor alikaa na msimbo ule siku tatu akiusoma. Siku ya nne aliiondoa sehemu yote ya kubahatisha, akaweka mahali pake mstari mmoja unaotoa saba. Saba, saba, saba, mpaka ufunguo ujae. Akayaendesha majaribio, na taa ikawaka kijani.

"Asger, hebu njoo uone."

"Nini tena?"

"Funguo zote ni saba tupu. Majaribio yako yamepita."

Asger aliinama, akatazama kioo cha kompyuta, akacheka puani. "Sasa Gunvor, nani mwenye akili zake ataandika hivyo?"

"Mimi nimeandika."

"Umeandika makusudi."

"Na mtu akiharibu bila kukusudia?"

"Hapa hatuna mtu wa namna hiyo," alisema Asger, akatabasamu, akarudi kwenye kiti chake.

Basi Gunvor akaandika jaribio lake mwenyewe. Halikuwa la ajabu. Alijua kwamba kule kiwandani kwa mnunuzi programu hujigawa nakala mbili au zaidi, kila nakala ikihudumia pampu zake, ili kazi iende upesi. Jaribio lake liliigawa programu vivyo hivyo, likaziagiza nakala mbili zitoe funguo elfu kila moja, kisha likazilinganisha. Ufunguo mmoja ukionekana pande zote mbili, taa iwe nyekundu. Funguo za urefu ule hazifanani kwa bahati. Ungezalisha tangu leo mpaka mlango wa bahari wa Limfjord ukauke, usingepata wa pili. Zikifanana hata mara moja, kuna kitu kibovu, na maelezo mengine hakuna.

Jaribio lilipita siku nane. Siku ya tisa, Jumanne ya tarehe kumi na nne Januari, taa ikawaka nyekundu.

Hapa ndipo keki inapoingia. Huku kwetu mtu akiharibu kazini huleta keki. Umesahau kufunga mlango, keki. Umemwagia kahawa kompyuta ya mwenzio, keki. Ni desturi ya nchi nzima na haina ubaya: watu hula, hucheka, aibu ikaisha. Lakini ghorofa ya tatu waliichukua desturi hiyo wakaifanya sheria, na sheria ikasema kwamba taa ikiwaka nyekundu, anayeleta keki ni mwenye jaribio lililoanguka. Si aliyeandika msimbo mbovu. Mwenye jaribio. Troels aliiona ni sheria ya haki kwa kuwa ilimrahisishia maisha: jina la mwenye jaribio lilitokea kwenye kioo lenyewe, hapakuwa na haja ya kuuliza mtu. Ni sawa na kumtoza mbwa faini kila anapombwekea mwizi. Na watu wakajifunza upesi. Ndiyo maana bingwa wetu aliyefika mpaka Ureno alikuwa na majaribio manne tu, yote yasiyoweza kuanguka.

Jumatano Gunvor alileta keki ya tufaha na mdalasini. Aliikata mezani, na akiikata alieleza.

"Nakala mbili zimetoa ufunguo mmoja. Asger, msimbo wako una kisima cha namba za kubahatisha. Unakijaza programu inapoamka. Programu ikijigawa kabla kisima hakijajazwa tena, kila nakala inaondoka na kisima kile kile. Zinachota maji yale yale."

"Nimeliendesha tena jana," alisema Asger, mdomo umejaa. "Mara sita. Limepita mara sita."

"Inategemea saa. Mara nyingine kisima kinawahi kujazwa, mara nyingine hakiwahi."

"Kwa hiyo jaribio lako linabahatisha."

"Zinazobahatisha ni funguo. Jaribio linahesabu tu."

Meza nzima ikacheka. Hakuna aliyejua anachocheka. Walicheka kwa sababu Asger alikuwa ameinua nyusi. Troels alijipakulia kipande cha pili. "Gunvor, hii keki haina mfano," alisema. "Mimi naomba lianguke tena."

Likaanguka tena. Katika wiki kumi na moja lilianguka mara tisa, na Gunvor akaoka keki tisa. Ilifika mahali Asger akaandika orodha ubaoni, chokoleti, limau, karoti, kila mtu atie alama kwenye anayoitaka. Wiki ikipita bila nyekundu, wakamjia kwenye meza yake.

"Wee Gunvor, mbona kimya? Tunakufa njaa huku."

"Muulizeni Asger, kisima ni chake."

"Asger hajui kuoka, bwana."

Watu wazima, wenye shahada, wenye watoto shuleni, walikuwa wakiiona taa ya hatari ikiwaka na mate yakiwatoka. Hawakuwa wajinga wa kuzaliwa. Wangekuwa wajinga wa kuzaliwa, mtu angewahurumia. Hawa walikuwa na vichwa vizuri kabisa, wakaamua kuviacha nyumbani kwa kuwa ofisini kulikuwa na raha.

Gunvor aliwaandikia kurasa mbili za maelezo, zenye michoro. Troels alizijibu kwa picha ya uso unaocheka. Alieleza mara ya pili kwenye kikao cha Jumatatu, Asger akajibu kwa maneno mengi aliyoyatoa mkutanoni Ureno. Mara ya tatu hakueleza. Alianza kuwaita kimoyomoyo watoto wa chekechea wenye ndevu, na akajiona mrefu kwa kuwadharau. Asubuhi, alipokwenda kuogelea na wanawake wenzake kwenye maji ya baridi kule ng'ambo ya daraja, aliwasimulia vituko vya ofisini hadi wakacheka meno nje. Ilimpoza. Lakini dharau yake haikumzuia mtu hata mmoja kufanya upuuzi. Ilimpa yeye kisingizio cha kunyamaza, basi.

Mwisho wa Machi Troels alimwita kwenye chumba kidogo chenye viti vya mito.

"Sikiliza, Gunvor, hapa sisi ni familia."

Gunvor akasubiri.

"Mnunuzi anataka maktaba yake Aprili. Hatuwezi kumpa kitu ambacho taa yake inawaka nyekundu leo, kesho kijani. Inaleta picha mbaya. Asger ana wazo zuri sana. Jaribio likianguka, mashine ya majaribio ilirudie yenyewe, mara tatu. Likipita hata mara moja, taa ibaki kijani."

"Zikifanana mara moja, zimefanana, Troels. Kurudia hakuzitenganishi."

"Hatulifuti jaribio lako. Linabaki pale pale. Ila halitusumbui."

"Ni mara moja katika wiki hapa, kwa kuwa hapa tunaliendesha mara moja kwa siku. Wenzetu wanatoa pampu mia kadhaa kwa siku."

"Gunvor." Alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale uji. "Wewe mwenyewe hujachoka? Utapumzika kuoka. Watu wataacha kukutania. Si unajua wanakutania kwa sababu wanakupenda?"

Na hapa lisemwe wazi, maana baadaye alilikumbuka kuliko mengine yote: aliposikia kwamba watu wataacha kumtania, Gunvor Thestrup alifurahi. Furaha ilimshuka mabegani. Alifikiria Jumatano bila unga kwenye mikono ya koti, chakula cha mchana bila Asger kuinua nyusi. Aliona haya kwa furaha ile, lakini hakuikataa.

Mashine ikafundishwa kurudia mara tatu. Taa ikawa kijani wiki nzima, ikawa kijani wiki ya pili. Kwenye kumbukumbu za mashine, kwa maandishi madogo ambayo lazima uyatafute, ilionekana kwamba jaribio limeanguka Alhamisi saa nne na dakika tisa, kisha limerudiwa, kisha limepita. Gunvor aliyatafuta, akayaona, akaufunga ukurasa.

Kwa kuwa pampu ni kitu kinachogusa mwili wa mtu, karatasi ya kuiruhusu maktaba itoke ilidai sahihi mbili, ya bosi na ya mkaguzi. Bila ya mkaguzi haiendi popote. Troels alitia yake kwa kalamu nene, ikachukua nusu ya ukurasa. Gunvor aliandika jina lake chini yake kwa mwandiko mzuri, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa shule. Hakuna aliyemshika mkono. Asger akapiga makofi, mtu akafungua chupa za bia, na Troels akasema anaiona familia yake imekua.

Agosti, katika wodi ya hospitali moja ya rasi ya Jutland, wagonjwa wawili walipewa pampu kutoka kwenye boksi moja. Mmoja alikuwa mama aliyelala karibu na mlango. Wa pili alikuwa Ejnar Bugge, mzee wa miaka sabini na moja, mstaafu, mtu wa mji mdogo wa Nibe, aliyelala dirishani akijaza fumbo la maneno gazetini. Mama aliletewa chakula, akabonyeza simu yake ili pampu yake imwandalie dawa. Pampu yake ikatii. Ya Ejnar nayo ikatii, na Ejnar hakuwa amekula kitu tangu asubuhi. Punde mama wa watu akabonyeza tena, kwa kuwa ameongezewa viazi. Muuguzi alimkuta Ejnar uso uko juu ya gazeti, kalamu ingali mkononi. Waliwahi, lakini kwa shida. Alizinduka baada ya siku mbili, na tangu hapo mkono wake wa kushoto haukumsikiliza vizuri.

Mnunuzi aliifungua maktaba, akazilinganisha funguo za pampu zote zilizokwisha kutoka, akakuta jozi thelathini na nane zinazofanana. Pampu zikarudishwa. Kikao kikaitishwa ghorofa ya tatu, na Ejnar akashikilia kwamba naye atakuja. Alisema anataka kuwaona watu wenyewe.

Siku moja kabla, Troels alisimama mbele ya meza ya Gunvor. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu.

"Kesho maneno yatakuwa yangu. Wewe kaa tu, waone mkaguzi wetu ni mtu mzima, ana uzoefu. Wakikuuliza, sema halikuonekana."

"Lilionekana mara tisa."

"Lilirudiwa, likapita. Kijani ni kijani, Gunvor. Na usisahau kwamba karatasi ina jina lako pia." Alisema hayo taratibu, tena kwa upole, kisha akaenda kutafuta kahawa.

Kikao kilianza saa nne. Walikuja watu wawili wa mnunuzi na Ejnar katikati yao, koti lake zuri, tai, fimbo. Asger aliketi mwisho wa meza akitazama simu yake. Troels alisema kwa nusu saa. Alisema anasikitika kama binadamu. Alisema kosa lenyewe ni la nadra mno, limejificha mahali ambapo hata mabingwa hawafiki, na kwamba hakuna jaribio duniani ambalo lingeligundua. Watu wa mnunuzi waliandika. Asger alitikisa kichwa kukubali, na kwa uso wake ungedhani aliyezimika alikuwa yeye.

Ejnar aliinua mkono wake wa kulia kama mwanafunzi. "Samahani, mimi sijui mambo ya kompyuta. Nauliza tu. Kwa hiyo hakuna aliyejua?"

"Hakuna," alisema Troels, mkono kifuani.

Gunvor alitazama mkono wa kushoto wa yule mzee, ulivyolala mezani mahali alipouweka.

"Mimi nilijua," alisema.

"Gunvor, acha," alisema Asger, na kwa mara ya kwanza alisahau kutabasamu.

"Nilijua tarehe kumi na nne Januari. Niliandika jaribio, likaona funguo zinafanana. Likaona mara tisa. Tukaiambia mashine irudie mpaka isione. Kumbukumbu zote zipo, nitawapa leo." Aliyasema hayo akimwelekea Ejnar, si watu wa mnunuzi, nao wakaacha kuandika wakamtazama.

Ejnar aliwanyooshea fimbo watu wa mnunuzi. "Hawa mabwana wamenionyesha karatasi ya ruhusa. Ina sahihi mbili. Ya pili ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulijua, halafu ukatia sahihi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Majibu mazuri yalikuwepo. Angeweza kusema alishinikizwa, na ni kweli kiasi. Angeweza kusema aliandika kurasa mbili na kujibiwa kwa picha. Angeweza kumnyooshea kidole Troels, ambaye shingo ilikuwa imemwiva nyekundu, na chumba kizima kingemwamini. Ejnar alikuwa akisubiri, bila hasira, kama mtu aliyeuliza njia.

"Walikuwa wakinicheka," alisema Gunvor. "Nilichoka kuchekwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akachukua koti lake alilolitundika kitini, akaanza kulivaa, mkono mgonjwa kwanza, na ilimchukua muda mrefu.

"Mimi nilikuwa mtunza shule kule Nibe miaka thelathini na moja," alisema. "Watoto mia tatu walinicheka kila siku, nilivyotembea, nilivyosema, kofia yangu. Lakini boila, ile mashine ya kuipasha shule joto inayoweza kulipuka, niliikagua kila asubuhi."

Alichukua fimbo yake, akamwomba mmoja wa wale watu wa mnunuzi amshikie mlango, na hakumtazama Gunvor tena.